Kamba, panya na wimbo wa magharibi: majibu kwa wasomaji wa Shinsekai Yori

Barua za mwezi huu karibu zote zimeangukia kwenye katuni moja ya Kijapani, Shinsekai Yori, yaani "Kutoka Dunia Mpya". Kwa asiyeijua: ina sehemu 25, imetengenezwa na studio ya A-1 Pictures chini ya mwongozaji Masashi Ishihama, ilirushwa na TV Asahi kuanzia 2012 hadi Machi 2013, na chanzo chake ni riwaya ya Yusuke Kishi iliyotoka 2008. Ni miaka elfu moja baada ya dunia hii tunayoijua kusambaratika. Watoto wanakulia mji mdogo, mtulivu, unaoitwa Kamisu 66, ambako kila mtu mzima huinua na kuvunja vitu kwa nia tu, bila kuvigusa. Mji umezungushiwa kamba takatifu na hakuna ruhusa ya kuivuka. Mwisho wa hadithi hatuufichui, kwa hiyo someni bila wasiwasi.

Nimetazama sehemu tatu nikabaki nimeduwaa. Mwanzo mji wa kisasa na watu wanapasuka, mara mfalme anatawazwa, mara watoto wako shule. Naviunganishaje? Niendelee au niache? (Msomaji, Tabata)

Endelea, ila usijichoshe kuunganisha. Vile vipande vifupi vya mwanzoni ni historia, kila kimoja cha zama zake, kati ya siku zetu na siku za Saki Watanabe ambaye ndiye msimulizi. Havihusiani na kinachofuata ndani ya sehemu hiyohiyo. Vitajifunga vyenyewe kwenye sehemu ya 4, pale watoto watakapomkamata kiumbe aitwaye Minoshiro bandia, ambaye kumbe ni maktaba inayotembea, naye atawasomea yote yaliyofichwa. Kipande cha sehemu ya 2 kirudie: mfalme anatawazwa na raia wanapiga makofi siku tatu, usiku na mchana. Hawapigi kwa furaha. Mia moja wa kwanza kuacha kupiga wanauawa.

Mpango wa umri ni huu, uandike pembeni: sehemu ya 1 hadi 7 Saki ana miaka 12, ya 8 hadi 16 ana 14, ya 17 hadi 25 ana 26. Wengi hudhani wameruka sehemu wanapofika ya 8 au ya 17. Hawajaruka kitu.

Jambo la pili ni kuhesabu vichwa. Darasani kuna makundi, na kundi la akina Saki linaanza na watoto sita: Saki, Satoru, Maria, Mamoru, Shun na Reiko Amano, ambaye nguvu zake hazimtii. Punde wanabaki watano. Hakuna msiba, hakuna mwalimu anayetangaza lolote, na wenzake hawaulizi. Sehemu ya 2 kuna mashindano ya kuviringisha mpira, na mtoto wa kundi jingine, Manabu Katayama, anafanya udanganyifu. Baadaye naye hayupo. Katuni hii haikutishi kwa damu nyingi, inakutisha kwa kiti kilicho wazi ambacho hakuna anayekitazama. Anayeangalia huku anachati kiti hicho kitampita, halafu atasema hadithi ni nzito haina kitu.

Kipimo chetu ni sehemu ya 4. Ikiisha na hujavutwa, acha kwa amani, haikuwa yako.

Sehemu ya 5 picha imebadilika kabisa, sura za watu zimekuwa kama si zao. Faili langu bovu? (Sinza)

Faili ni zima. Sehemu hiyo aliongoza mtu mwingine, Shigeyasu Yamauchi, mwenye mkono wake: nyuso anazisogelea mno, rangi anazifinya, na miili inakaa pembeni mwa fremu. Watoto wako msituni usiku, wamechoka, wamenyang'anywa uwezo wao, na picha nayo inapoteza mizani. Watazamaji wengi waliichukia. Sisi tunaona imefanya kazi yake, ingawa mabadiliko ni ya ghafla kiasi cha mtu kushika rimoti akidhani TV imeharibika.

Faili bovu utalijua hivi: vipande vya mraba vinavyogandagana, rangi ya kijani au waridi kutapakaa, au picha kusimama sauti ikiendelea.

Shikamooni. Sabutaito zangu mwanzo ziko sawa, lakini kufika mwisho maandishi yanamtangulia msemaji karibu dakika nzima. Nikizirekebisha mwisho, mwanzo unaharibika. (Mwanafunzi, Kigamboni)

Marahaba. Umeeleza vizuri, na hiyo dakika nzima ndiyo inayotoa jibu.

Makosa ya muda yako ya aina tatu, na kila moja lina dawa yake. Kabla ya kugusa chochote, chagua mstari mmoja wa dakika ya 2 na mwingine wa dakika ya 22, upime kila mmoja umepishana na sauti kwa sekunde ngapi.

Zikilingana, mfano sekunde 3 mwanzo na 3 mwisho, faili lote limesogea. Kwenye VLC ya kompyuta bonyeza H kuyachelewesha maandishi au G kuyawahisha. Kila mbofyo ni milisekunde 50, kwa hiyo nusu sekunde ni mibofyo 10. VLC haibadilishi faili lenyewe, basi ukitaka marekebisho ya kudumu tumia programu ya bure ya Subtitle Edit, usogeze mistari yote kwa pamoja, kisha uhifadhi.

Tofauti ikikua kidogo kidogo, kama yako, tatizo ni kasi ya fremu, yaani idadi ya picha zinazopita kila sekunde. Katuni za Kijapani kwa kawaida huenda fremu 23.976 kwa sekunde. Sabutaito zako zilipangwa kwa video ya fremu 25, ambayo hukimbia zaidi kwa asilimia 4 na ushei. Sehemu ya dakika 24 ni sekunde 1,440. Asilimia 4.1 ya hizo ni sekunde 59, ndiyo dakika yako hiyo. Ndani ya Subtitle Edit tafuta sehemu ya kubadili kasi ya fremu, weka kutoka 25 kwenda 23.976, hifadhi kwa jina jipya. Usisogeze chochote kwa mkono kabla ya hapo, la sivyo utakuwa na makosa mawili badala ya moja.

Aina ya tatu: kila kitu sawa hadi katikati, kisha ghafla sekunde kadhaa zinapotea na tofauti haiongezeki tena. Hapo toleo lako limekatwa, au limeongezwa, kipande cha kabla au baada ya matangazo. Chagua mistari ya kuanzia hapo tu, isogeze hiyo peke yake.

Ukihamishia kwenye flashi ili utazame kwenye TV, jina la sabutaito lifanane na la video herufi kwa herufi, mwisho wake uwe .srt, na vyote vikae folda moja. Flashi ya mfumo wa FAT32 haikubali faili moja linalozidi GB 4. Sauti ikisikika na picha ikawa nyeusi, huenda video ni ya H.264 ya biti 10, aina ambayo TV nyingi haziwezi kuifungua hata iwe mpya kiasi gani. Cheza kwenye laptopu, uunganishe TV kwa waya wa HDMI. Kupoteza siku nzima kwenye mipangilio ya TV hakutasaidia.

Tunataka kutafsiri mfululizo mzima kwa Kiswahili, sisi watatu. Tumekwama kwenye majina, na sentensi zetu ni ndefu, hazisomeki. (Kundi la vijana, Ubungo)

Hongereni. Kabla ya kuanza jueni kuwa tafsiri ya kazi ya mtu bado ni mali inayotegemea ruhusa yake. Kujifunzia nyumbani ni jambo moja, kuisambaza au kuiuza ni jingine.

Urefu kwanza, maana ndio unaoua tafsiri nyingi za Kiswahili. Vipimo vinavyotumika sana ni mistari miwili, kila mmoja usizidi herufi 42, na msomaji mzima apewe herufi zisizozidi 17 kwa sekunde. Andishi lisikae chini ya sekunde 1 wala kuzidi 7. Sasa pimeni: "Hatujaruhusiwa kutoka nje ya kamba takatifu." Hizo ni herufi 44 pamoja na nafasi, na kama mhusika amesema kwa sekunde 2, mna herufi 34 tu. "Haturuhusiwi kuvuka kamba." Herufi 26. Utakatifu wa kamba umeshaonekana kwenye picha, hauhitaji kutajwa kila mara. Kitenzi cha Kiswahili hubeba nafsi, wakati na kitendwa ndani ya neno moja, kwa hiyo kitumieni hicho, mpunguze "ambaye", "kwa ajili ya" na "kutokana na". Mkikata mstari, msiache "ya", "wa" au "na" ikining'inia mwishoni. Ishuke na neno lake.

Majina sasa. Nguvu zao huitwa juryoku. Alama ya kwanza ya neno hilo hubeba laana na dua kwa pamoja, ya pili ni nguvu. Mkiandika "uchawi" mmeshahukumu, maana mchawi kwetu ni mtu wa kuogopwa, na pale kila mzazi na kila mwalimu anayo. "Nguvu ya nia" ni nyepesi zaidi na haimshutumu mtu. Akki, kiumbe wa kutisha wa hadithi za mji huo, mwiteni zimwi bila kusita. Neno lipo, watoto wanalijua tangu hadithi za bibi, na methali ya zimwi likujualo itawasha taa kichwani mwa mtazamaji kuanzia sehemu ya 20 na kuendelea. Gouma acheni kama lilivyo. Ni pepo la matendo ya mtu mwenyewe, na hatujaona neno moja linalolitosha.

Bakenezumi ni panya wa kugeuka, panya asiye panya. "Panya-jini" linasomeka haraka. Makundi yao yana majina ya wadudu na buibui: Nyigu Mkubwa, Buibui wa Ardhini, na lile la panya aitwaye Squealer, ambalo jina lake ni la aina ya nzi anayewinda, kwa hiyo Nzi Mnyang'anyi.

Hapa msikosee: panya hao huwaita binadamu kamisama, yaani mungu. Tumeona rasimu yenu mmeandika "mheshimiwa". Linasikika vizuri, na linachekesha kidogo kwa hali ya hapa nchini, lakini linaua hadithi. Kiumbe anayepiga magoti akisema "mungu wangu" kwa mtoto wa miaka 12 anakuonyesha uhusiano mzima wa jamii mbili kwa neno moja. Andikeni "mungu" kwa herufi ndogo. Atakayekwazika atakwazika, na ndivyo mtunzi alivyotaka.

Mwisho wa hili ni lile jina la Mnyang'anyi. Mkiandika kwenye Word, alama ya ng' hujigeuza yenyewe kuwa mkia uliopinda, na faili likihifadhiwa kwa usimbaji (namna kompyuta inavyohifadhi herufi) usio sahihi, TV itaonyesha "Mnyangâ€™anyi". Andikeni kwenye programu ya maandishi matupu au Subtitle Edit, tumieni alama iliyonyooka, hifadhini kwa UTF-8. Muda uandikwe kwa mkato kabla ya milisekunde, 00:04:12,500, si nukta. Kati ya andishi na andishi pawe na mstari mmoja mtupu. Ukisahaulika, mawili yataungana na kutoka pamoja.

Mwanangu ana miaka 11, ameiona kwa binamu yake anataka kuendelea. Ni katuni, si ndiyo? (Mama, Ukonga)

Hapana, mama. Ni katuni kwa uchoraji tu. Dakika ya kwanza ya sehemu ya 1 ina mauaji, watoto wanauawa na jamii yao wenyewe kwa mpango, na sehemu ya 8 ina mapenzi ya vijana yasiyofaa kwa umri wake. Asubiri akaribie utu uzima, na hata hapo zungumzeni. Riwaya na vitabu vyake vya picha navyo si vya mtoto. Vile vya picha ni vibaya zaidi.

Bando litatosha? Nina GB 10. (Mbezi)

Chukua kasi ya video kwa megabiti, izidishe kwa idadi ya sekunde za sehemu moja, gawa kwa 8, unapata MB. Ubora wa 480p kwa takriban megabiti 1 kwa sekunde: 1,440 gawa kwa 8 ni MB 180 kwa sehemu, mfululizo wote GB 4.5. Ubora wa 720p kwa megabiti 2 ni MB 360, jumla GB 9, unaingia kwa kubana. Ubora wa 1080p kwa megabiti 5 ni MB 900 kwa sehemu, na GB 22.5 kwa zote.

Ila usishushe ubora kila mahali. Matukio ya usiku ni mengi, na video yenye kasi ndogo hugeuza giza kuwa mabaka ya kijivu hata usione nani kasimama wapi. Weka 480p kwa sehemu za mchana, 720p kuanzia ya 5 hadi 7 na kuanzia ya 18 hadi mwisho. Zima taa ya chumbani kabla hujapandisha mwanga wa TV. Ukipandisha mwanga, weusi unakuwa majivu. Na kabla ya kulipia huduma yoyote, tafuta jina la katuni kwenye orodha yake ukiwa hapa Dar, kwani haki za kuonyesha hutolewa nchi kwa nchi na orodha ya Marekani haikuhusu.

Ule wimbo unaolia jua likizama, watoto warudi nyumbani, ni wimbo gani? Unanitia huzuni. (Magomeni)

Ni Largo, sehemu ya pili ya simfoni namba 9 ya Antonín Dvořák, aliyoitunga akiwa Marekani 1893. Simfoni yenyewe inaitwa "Kutoka Dunia Mpya", na jina la katuni limetoka hapo. Sauti unayoisikia ikiongoza ni ya kipulizwa cha matete mawili, ndugu wa mbali wa zumari yetu.

Japani wimbo huu umetiwa maneno, na miji mingi huupiga jioni kwenye spika za mitaani. Spika hizo zimefungwa kwa ajili ya tahadhari za matetemeko na tsunami, na wimbo wa kila siku ni njia ya kujua kuwa zinafanya kazi, huku watoto wakijua muda wa kucheza umekwisha. Mtoto wa Magomeni hahitaji kuelezwa zaidi: magharibi ikiingia, mama anaita, kwa sababu saa ile si ya watoto kuwa nje, ina wenyewe. Kamisu 66 wanaambiwa vilevile. Tofauti ni kwamba wao wakichelewa kweli kuna kinachowasubiri, na hakitoki nje ya kamba.

Kamisu, kwa taarifa yako, ni mji halisi wa mkoa wa Ibaraki, mashariki ya Tokyo, pale mto Tone unapoingia baharini. Mto ambao watoto wanaupanda kwa mitumbwi sehemu ya 3 unaweza kuufuata kwenye ramani kwa kidole.

Wale panya wametungwa tu au kuna mnyama wa hivyo? (Temeke)

Yupo, na si wa Japani. Ni fuko asiye na manyoya, anayeishi chini ya ardhi Kenya, Ethiopia na Somalia. Ana ngozi ya waridi iliyokunjamana, macho madogo, na meno marefu ya mbele yaliyotokeza nje ya midomo ili achimbe bila kula udongo. Huishi kwa makundi kama nyuki: malkia mmoja ndiye anayezaa, na madume wachache tu ndio wanaopanda. Waliobaki ni vibarua na walinzi. Anaweza kuishi zaidi ya miaka 30, umri usio wa kawaida kwa mnyama wa ukubwa wa panya.

Mtunzi amechukua karibu yote hayo: malkia, vibarua, mashimo, meno. Alichoongeza ni lugha, silaha na siasa. Msikilize Squealer anavyozungumza na binadamu tangu sehemu ya 5, halafu sikiliza anavyozungumza na panya wenzake. Maneno yake ya unyenyekevu yahesabu. Zaidi ya hapo hatusemi.

Nina kibanda Mbagala. Naweza kuionyesha kwa kiingilio? (Mbagala)

Si kwa kulipia akaunti ya nyumbani. Maonyesho ya hadharani yanataka ruhusa ya mwenye kazi, na filamu ya kuonyeshwa kwa umma hupitia Bodi ya Filamu Tanzania ipangiwe daraja la umri. Upande wa haki za watunzi waulize COSOTA. Halafu fikiria biashara yenyewe: katuni ya masaa kumi, isiyo na ngumi, ambayo mteja akitoka kununua mihogo sehemu ya 4 hataelewa tena. Kibanda kitakuwa kitupu kabla ya ya 6.

Nimemaliza. Sasa natazama nini? (Kinondoni)

Pumzika wiki kwanza. Kisha rudia sehemu ya 1 na ya 2, kwa sababu mazungumzo ya wazazi wa Saki usiku yatakuwa na maana nyingine kabisa. Baada ya hapo chukua Girls' Last Tour ya 2017, sehemu 12, wasichana wawili na gari dogo la minyororo ndani ya mji uliokufa. Ni tulivu na haikimbii popote. Ukitaka kutishwa tena, Tengoku Daimakyou ya 2023, sehemu 13, nayo ina watoto nyuma ya ukuta, lakini ina matukio ya ukatili wa kijinsia karibu na mwisho, ujiandae au uiache. Ergo Proxy ya 2006 ina sehemu 23, iweke mwisho, na uitazame ukiwa hujachoka.